Majina matatu ya mtoto mmoja

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu, mara nyingi tunaulizwa: kwa nini karatasi zenu hazipatani? Mtu anaitwa hivi kwenye kadi ya kambi, vingine kwenye karatasi ya masomo. Jibu lake ni historia, nayo ilianza siye tukingali watoto.

Mwaka 1972 Mobutu, aliyeshika utawala tangu Novemba 1965, alikataza majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Padri aliyebatiza mtoto kwa jina la kizungu aliweza kufungwa. Basi Petro wa nyumbani alikuwa na jina lingine mbele ya mwalimu. Asubuhi tulipanga mistari chini ya bendera ya kijani yenye mwenge, tukaimba sifa za MPR, chama ambacho kila Mzaire alihesabiwa ndani yake tangu kuzaliwa. Siku ya salongo tulifyeka na kufagia. Mama, kabla ya kuita "Petro!" barabarani, aliangalia kwanza nani anapita. Hiyo ndiyo siasa tuliyoijua.

Aprili 1990 Mobutu alikubali vyama vingi, na majina yakarudi. Lakini mishahara ya walimu ilikuwa imekufa, wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe. Mtoto asiye na pesa alirudishwa nyumbani. Kuna nyumba zilichagua mmoja tu wa kusoma.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, vikashuka kwetu Fizi. Wengi tulivuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Njiani, kwenye barieri, jina lilionyesha kabila, na kabila liliweza kumuua mtu. Mama alitufundisha: "Wakikuuliza jina, unyamaze kimya. Ni mimi nitajibu." Mobutu alikimbia Mei 1997, lakini Agosti 1998 vita vingine vikaanza, na wengine wakavuka tena.

Kule Nyarugusu na Lugufu, karani aliandika sawa alivyosikia. Mtoto aliyepotezana na wazazi aliingia kwenye kadi ya posho ya jirani na kuchukua jina la baba mwenye kadi, ili apate unga na maharagwe. Tulichota maji, tulitafuta kuni, tulisoma programu ya Kongo kwa Kifaransa, jioni tukacheza mpira wa mifuko iliyofungwa kamba. Hatukujua kwamba jina la kadi litatufuata.

Kuanzia 2005 boti zilianza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Kufika, shamba la baba liko mikononi mwa mwingine. Wazee wanauliza: "Wewe uko mutoto ya nani?" Mdomo unajibu moja, kadi inajibu lingine. Hapo ndipo ndugu zetu wanapoteza mashamba.

Ju ya hiyo tunaomba kila mwanachama alete kadi ya kambi, karatasi ya ubatizo au ya masomo, hata iliyochanika, pamoja na mzee anayejua ukoo wake, tuandike majina yote katika daftari moja. Na mtoto anayezaliwa leo aandikishwe ndani ya siku 90. Zikipita, ni lazima kupitia tribinali, na hiyo ni pesa. Wafadhili, msaada wenu unalipa safari hizo.

Siye tulibeba majina matatu. Watoto wetu wabebe moja, na walitaje bila kuangalia nani anapita.