Utabiri wa hali ya hewa katika Ziwa Victoria

Utabiri wa hali ya hewa katika Ziwa Victoria ni taarifa ya kila siku kuhusu upepo, mawimbi, mvua na ngurumo za radi kwa wavuvi, wasafiri na wakazi wa mwambao. Upande wa Tanzania, ikiwemo mikoa ya Mwanza, Mara, Geita na Kagera, hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Theluji haimo katika utabiri huu. Ziwa liko karibu na ikweta, kwenye kimo cha mita 1,134 hivi juu ya bahari. Nchini Tanzania theluji huonekana juu ya milima mirefu kama Kilimanjaro. Barafu inayoweza kuanguka Mwanza ni mvua ya mawe, inayoletwa na mawingu ya radi.

Chanzo cha dhoruba

Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa lakini maji hubaki na joto. Pepo kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi huundwa. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri. Utafiti wa Wim Thiery na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dhoruba za alasiri kwenye nchi kavu zinaweza kusaidia kutabiri zile za ziwani usiku unaofuata.

Umuhimu

Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku, hasa wakati wa giza la mwezi, kwa kutumia taa. Hivyo wavuvi huwa majini katika saa za hatari zaidi, wengi wakiwa kwenye mitumbwi midogo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Tahadhari inayofika mwaloni baada ya mitumbwi kuondoka haimsaidii mvuvi.

Utoaji wa tahadhari

TMA ina rada ya hali ya hewa Mwanza, inayofuatilia mvua inapoundwa na inakoelekea. Kuanzia mwaka 2017, mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa ufadhili wa Uingereza, ulisaidia Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kuboresha utabiri wa ziwa.

Taarifa za hatari hutolewa kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Hufikishwa kwa redio, simu na viongozi wa mialo. Utabiri hauondoi haja ya kuvaa jaketi okozi, kwani dhoruba ndogo inaweza kuundwa kwa muda mfupi.