Mtihani wa Mafamasia Uingereza: Kitabu Kinabaki Nje, Kalkuleta Inaingia

Kama unasomea famasia na ndoto yako ni majuu, soma hii kabla uitishe daftari za msee alifanya mtihani kitambo. Uingereza, huwezi jiita mfamasia bila kupita mtihani wa GPhC, baraza linalosajili mafamasia wa England, Scotland na Wales. Vitu unaruhusiwa kuingia navyo zilibadilika 2016.

Kitambo ilikuwaje?
Pepa zilikuwa mbili. Moja ulifanya na kichwa tupu. Ingine uliingia na BNF, kile kitabu kinene cha dozi na dawa zenye hazifai kuchanganywa. Kalkuleta? Zii. Mahesabu yote ni mkono.

Sahi je?
BNF yako inabaki nje. Swali likihitaji rejea, wanakupea kipande tu: kurasa za BNF, ile ya watoto (BNFC), ama maelezo ya mtengenezaji wa dawa.

- Sehemu ya 1: maswali 40 ya hesabu, masaa 2. Kalkuleta ni sawa, bora iwe ile imekubaliwa. Hakuna A, B, C. Jibu unaandika mwenyewe.
- Sehemu ya 2: maswali 120 ya kuchagua, masaa 2 na nusu. Hiyo ni dakika 1 na sekunde 15 kwa kila swali.

Lazima upite zote mbili kwa kikao kimoja.

Usidhani kalkuleta itakuokoa
Mtoi ana kilo 18. Dawa ni 15 mg kwa kila kilo, so anahitaji 270 mg. Shurubati ina 120 mg kwa kila 5 ml. Jibu ni 11.25 ml. Ukiteleza na nukta, inakuwa 112.5 ml. Kalkuleta haitashtuka. Wewe ndio unafaa kushtuka, juu kwa kaunta huyo ni mtoi wa mtu.

Ukitoka Kenya
Njia yenye wengi wamepitia ni kozi ya OSPAP, mwaka mmoja, halafu mwaka wa mafunzo kazini, ndio ufike kwa huu mtihani. Una nafasi 3 tu. Hiyo ni miaka na ganji mob ya kupoteza juu ya daftari za zamani.

Kwa hivyo angalia mwaka kwanza. GPhC hutoa mwongozo wake bure. Anzia hapo, na ujifunze kusoma kurasa mbio na kuamua.