Nyumba ya Paneli: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujenga

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali nchini Uganda, familia nyingi hujenga kwa miti na udongo au kwa matofali. Njia nyingine ni paneli zinazotengenezwa kiwandani na kuunganishwa kwenye kiwanja. Kabla ya kulipa, soma maelezo haya.

Paneli ni nini?
Ni mabati mawili membamba yenye kitu chepesi katikati, unene wake mara nyingi sentimita 5 hadi 10. Kitu hicho huzuia joto la jua kuingia mchana na baridi usiku. Kuna aina tatu kuu: polistirini (lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni), poliurethani, na pamba ya mawe.

Hujengwaje?
Fundi humwaga sakafu ya zege iliyo sawasawa, hufunga reli za chuma pembezoni, kisha husimamisha paneli na kuzikaza kwa skrubu. Viungo huzibwa vizuri ili mvua isipenye. Ukingo wa paneli usiachwe wazi, kwa sababu panya na wadudu huchimba povu. Paa lifungwe imara dhidi ya upepo.

Je, ni sawa na nyumba za UNHCR?
Hapana. Nyumba za Better Shelter, zilizobuniwa pamoja na UNHCR na Wakfu wa IKEA, zina fremu ya chuma na paneli za plastiki. Zilijaribiwa mwaka 2013 huko Dollo Ado, Ethiopia. Nyumba moja ina meta za mraba 17.5, na watu wanne huiunganisha kwa saa chache. Hayo ni makao ya muda.

Hatari kubwa ni moto
Polistirini huyeyuka kwa joto, na ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu. Poliurethani nayo huungua. Pamba ya mawe haiungui, lakini ni nzito na bei yake huwa juu. Muulize muuzaji ndani ya paneli kuna nini, naye akuandikie kwenye risiti.

Nyumba ya paneli hupitisha hewa kidogo kuliko ya udongo. Ukiingiza jiko la mkaa ili kuota moto usiku, hewa yake ya sumu, isiyo na harufu, inaweza kuua familia usingizini. Kwa hiyo:
- Jenga jiko nje, mbali na nyumba.
- Usitumie mshumaa wala kibatari ndani.
- Weka madirisha mawili yanayotazamana.
- Nyaya za umeme au za sola zipite ndani ya bomba, zisiguse povu.
- Acha nafasi kati ya nyumba yako na ya jirani.

Vipi kuhusu ardhi?
Nchini Uganda, mkimbizi hupewa kiwanja cha kutumia, si cha kumiliki wala kuuza. Uliza kwanza ofisi ya OPM na mwenyekiti wa kijiji chako kama jengo hilo linaruhusiwa. Mwenyeji anayejenga kwenye ardhi yake aulize serikali ya mtaa.

Ukihama, paneli zilizofungwa kwa skrubu zinaweza kufunguliwa na kujengwa tena. Zege hubaki. Kabla ya kutoa pesa, jua ni kiasi gani utaondoka nacho na ni kiasi gani utakiacha.