Kikosi cha Condor: Muundo wa jeshi la siri la Ujerumani

Kikosi cha Condor, kilichoundwa Novemba 1936, kilikuwa mkono wa siri wa jeshi la anga la Ujerumani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Uhispania. Vitengo vyake vilibeba nambari 88: K/88 cha ndege za kuangusha mabomu, J/88 cha ndege za kivita, A/88 cha upelelezi, AS/88 cha ndege za baharini, na F/88 cha mizinga ya kutungulia ndege, ambayo pia ilielekezewa wanajeshi wa nchi kavu.

Kamanda wa kwanza alikuwa Hugo Sperrle. Mnadhimu wake, Wolfram von Richthofen, ndiye aliyepanga shambulizi la Guernica, Aprili 26, 1937. Ujerumani ilikana kuhusika. Hata hivyo, Juni 1939, wanajeshi hao walikaribishwa Berlin kwa gwaride la hadharani.