Daraja na Njia Yake: Fundisho la Mto Rufiji

Watu wengi walitazamapo daraja huona kazi ya mhandisi: nguzo, chuma, zege na urefu wake kwa mita. Hayo ni kweli, lakini si yote. Kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa, uamuzi mkubwa zaidi huwa umekwisha kufanywa, nao ni huu: mto uvukwe wapi? Achaguaye mahali pa daraja huchagua pia mji utakaokua na mji utakaosubiri. Katika insha hii tunataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa mto wetu mkubwa kuliko yote, Rufiji.

Rufiji huzaliwa pale Kilombero na Luwegu zikutanapo, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu na kuteremka hadi bahari ya Hindi, ambako hugawanyika mikono mingi katikati ya mikoko, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Bonde lake la chini ni pana na tambarare. Mvua za bara zikizidi, mto hutoka katika kingo zake na kufunika mashamba. Yakipungua maji, huacha udongo wenye rutuba, na hapo wenyeji hupanda mazao ya mlau. Mkulima wa Rufiji hakuyachukulia mafuriko kuwa adui tu. Alijenga dungu lake juu ya miti mirefu, akalala humo akilinda shamba dhidi ya nguruwe na ndege, na maji yalipopanda alisafiri kwa mtumbwi.

Katika maisha hayo swali la mahali pa kuvukia halikuwa zito. Mtumbwi huvuka po pote penye ukingo wa kutulia, na mto ukihama, kivuko nacho huhama. Sharti la kuchagua mahali pamoja lililetwa na gari na barabara, na ofisi ya serikali nayo ikawa na haja yake.

Makao ya serikali yenyewe yalipata kuhama. Wajerumani waliweka boma lao Mohoro, kusini ya mto, na hapo ndipo walipomnyonga Kinjeketile Ngwale mwezi wa Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vimeanza. Baadaye makao ya wilaya yakawa Utete, mji ulio kando ya mto upande wa kusini. Aliyekuwa na shauri, kesi au kodi aliujua mji huo.

Lakini watu nao walihama. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, wananchi wengi wakaondolewa bondeni na kupelekwa katika vijiji vya nchi ya juu. Wengi waliendelea kuteremka bondeni kulima, maana rutuba haikuhama pamoja nao, lakini nyumba, shule na zahanati sasa zilikuwa juu. Mojawapo ya makazi yaliyokua kwa njia hiyo ni Ikwiriri, kaskazini ya mto, kando ya barabara iendayo kusini. Kwa hiyo wilaya ikawa na vitovu viwili: Utete penye ofisi, na barabara kuu iliyozidi kuvuta watu na biashara.

Barabara hiyo ilikatwa na mto. Pale Ndundu magari yalivushwa kwa pantoni, na kila masika mto ulipofura, pantoni ilisimama na magari yakapanga foleni kwenye kingo zote mbili. Hilo halikuwa tatizo la Warufiji peke yao. Korosho za Mtwara, ufuta wa Lindi, wagonjwa, wanafunzi na barua vyote vilingoja huruma ya maji. Msafiri wa kusini aliyekuwa na haraka alitafuta meli, au alizunguka kwa Songea, safari ndefu mno. Hivyo mto ulitenga mikoa mizima na taifa lao.

Sasa tutazame uzito wa uchaguzi. Mhandisi hutafuta mahali penye kingo imara na mkondo usiohamahama, kwani daraja lililojengwa leo juu ya maji laweza kesho kubaki juu ya mchanga. Hupima pia upana wa bonde, maana tuta la barabara likiziba njia ya gharika, maji yatalibomoa au yatarudi nyuma kuzamisha mashamba. Mwenye hazina huuliza gharama, naye mwenye lori huuliza njia iliyo fupi. Mwananchi wa kando ya mto ana swali lake: je, mwanangu atafikaje shule, na mimi nitafikaje hospitali? Maswali haya yote ni ya haki, na hayajibiwi yote na mahali pamoja.

Daraja lilijengwa kwenye mstari wa barabara kuu, huko Ndundu, kwa fedha za serikali yetu pamoja na mikopo ya mifuko ya maendeleo ya Kuwait na ya nchi za OPEC. Lina urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi. Kwa maslahi ya taifa uchaguzi huo ulikuwa mwema, na hapana mtu wa kusini atakayeubisha. Lakini Utete haikuwa kwenye mstari huo. Afisa au raia aliyetoka Ikwiriri kwenda makao ya wilaya yake alivuka daraja, akafika Nyamwage, kisha akachepuka kuufuata tena mto kuelekea magharibi. Vijiji vya ng'ambo ya Utete viliendelea kutegemea kivuko. Wakati huohuo Ikwiriri na Kibiti zilinawiri kando ya lami, na baadaye Kibiti ikamegwa na kuwa wilaya yenyewe. Hivyo daraja liliendeleza kazi iliyoanzwa na kuhama kwa watu.

Mto Ruvuma watupa mfano wa namna nyingine. Daraja la Umoja, lenye mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010 kati yetu na Msumbiji, halikujengwa karibu na pwani ambako watu ni wengi. Liko mbali bara, kati ya Mtambaswala na Negomano, karibu na makutano ya Ruvuma na Lugenda. Huko daraja lilitangulia, na barabara nzuri na miji ikaachwa ilifuate polepole. Rufiji daraja lilifuata njia. Ruvuma njia ililazimika kulifuata daraja.

Na daraja bila njia ni nusu ya kazi. Kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilichelewa kukamilika kwa lami zaidi ya miaka kumi baada ya daraja kufunguliwa. Tena, mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara huko Somanga, kusini ilitengwa tena kwa siku kadhaa, ingawa daraja kubwa lilikuwa limesimama imara. Maji hayavunji pale tulipojiandaa. Hutafuta pale tulipopasahau.

Fundisho letu basi ni hili. Uchaguzi wa njia ya daraja si siri ya wataalamu, wala si zawadi ya kugombaniwa na miji. Ni shauri la umma, na mzee wa dungu aliyeona gharika tatu ana neno la kumwambia mhandisi mwenye vipimo vya mwaka mmoja. Tena wale ambao daraja halitawafikia wana haki ya kuambiwa mapema, na ya kutengewa kivuko au barabara yao katika mpango uleule, si baada ya kulalamika.

Tunawasihi walimu wawatume wanafunzi wao kwenye daraja la karibu, hata liwe la magogo, wakawaulize wazee: zamani tulivuka wapi? Nani alipachagua hapa pa sasa? Na nani aliachwa ng'ambo? Majibu ya maswali hayo ni historia ya taifa, nayo bado haijaandikwa yote.