Victor Umbricht: Mpatanishi Aliyegawa Mali ya Majirani



Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Leo msafiri afikaye Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hukuta maofisa wa nchi zote mbili wakifanya kazi chini ya paa moja. Hugongewa muhuri, akaendelea na safari yake. Huenda akadhani kwamba mambo yamekuwa hivyo siku zote. La, hasha! Kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983 mpaka huo ulifungwa. Katika somo hili tutamtazama mwanadiplomasia kutoka nchi ya mbali aliyesaidia kuondoa ugomvi uliokuwa nyuma ya kufungwa huko: Victor Umbricht wa Uswisi.

Kwanza tulichambue neno. Kutokana na kitenzi “pata” tunaunda “patana”, yaani kukubaliana. Kutokana na “patana” tunaunda “patanisha”, yaani kuwafanya wengine wakubaliane. Afanyaye kazi hiyo huitwa mpatanishi. Usimchanganye na hakimu. Hakimu hutoa hukumu, nayo hutekelezwa hata kama mshtakiwa hairidhii. Mpatanishi hana amri wala askari; silaha zake ni hoja, hesabu na subira.

Ugomvi wenyewe ulitoka wapi? Mnamo Juni 1967, Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Arusha. Nchi hizo zilimiliki kwa pamoja reli, bandari, shirika la ndege, pamoja na posta na simu. Lakini Tanzania ilikuwa imeshika njia ya ujamaa, ilhali Kenya iliegemea uchumi wa soko. Tanzania na Uganda zililalamika kwamba Kenya ilikuwa ikifaidika kupita wenziwe. Kisha, Januari 1971, Idi Amin akampindua Milton Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Kikao cha marais watatu, kilichokuwa kichwa cha Jumuiya, hakikuitishwa tena. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilisambaratika, Kenya ikaanzisha lake, Tanzania ikafunga mpaka. Kufikia katikati ya mwaka huo, Jumuiya ilikuwa imekufa.

Fikiri, msomaji, juu ya nyumba ambamo ndugu watatu wametengana kwa hasira. Nani achukue nini? Vichwa vya treni, mabehewa, meli na mitambo vilibaki pale vilipokutwa. Madeni nayo yalibaki, na Benki ya Dunia, iliyokuwa imeyakopesha mashirika hayo, ilitaka kujua nani atalipa. Ndipo, kwa msaada wa benki hiyo, nchi tatu zikakubali kumpata mpatanishi mmoja.

Umbricht aliijua fedha na aliijua taabu. Alikuwa amewahi kushika wadhifa katika idara ya fedha ya serikali ya nchi yake, akawa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, na baada ya vita vya ukombozi vya Bangladesh akaongoza shughuli za misaada za Umoja wa Mataifa mjini Dhaka.

Kazi yake Afrika Mashariki ilichukua takriban miaka sita. Ilibidi kwanza kuorodhesha mali na madeni, kisha kuvithaminisha. Vyombo vingi havingeweza kuhamishwa: nani angeibeba bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam? Kwa hiyo njia iliyofuatwa ilikuwa kwamba kila nchi ibaki na mali iliyo katika ardhi yake, kisha aliyezidishiwa amfidie aliyepunjika. Mafungu yakawa haya: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Kwa kuwa mali iliyokuwamo Uganda ilikuwa pungufu ya fungu lake, wenziwe wakawajibika kuifidia.

Huku mpatanishi akihesabu, dunia iliyomzunguka ilikuwa ikigeuka. Agosti 1978 Rais Kenyatta alifariki, Daniel arap Moi akashika uongozi. Tanzania na Uganda zilipigana, na Aprili 1979 Amin akang’olewa. Uganda ilibadili viongozi mara kadhaa kabla ya Obote kurejea mwishoni mwa 1980. Pamoja na misukosuko hiyo, mazungumzo hayakukatika.

Novemba 1983 marais Moi, Nyerere na Obote walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Tarehe 14 Mei 1984, mjini humo humo, walitia saini Mkataba wa Upatanishi. Ndani ya hati hiyo ya kugawana mali palikuwamo kifungu kinachozitaka nchi hizo kutafuta maeneo ya kushirikiana siku za usoni. Kutokana na mbegu hiyo iliundwa Tume ya Pamoja mwaka 1993, kisha mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Mkataba uliitaka kila serikali iwalipe raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya mafao yao. Wengi walilalamika kwamba hawakulipwa ipasavyo, na madai ya wazee hao yaliendelea kwa miongo kadhaa, hata mahakamani. Saini ya marais haimfikii mwananchi mpaka serikali yake iitekeleze.

Tunajifunza nini basi? Kwamba ujirani mwema haujengwi kwa hotuba za udugu pekee. Majirani wanapodaiana, udugu huanza upya pale hesabu zinapowekwa wazi na kila mmoja akaridhika kwamba hakudhulumiwa.

Maswali ya kutafakari:

1. Kwa nini mpatanishi kutoka nje alikubalika na nchi zote tatu?

2. Tunga sentensi tatu ukitumia maneno “patana”, “patanisha” na “upatanishi”.