Chumvi ya Akita

Mwaka 1951 kifua kikuu kiliacha kuwa ugonjwa unaoua watu wengi kuliko yote nchini Japani. Nafasi hiyo ilichukuliwa na kiharusi, nacho kikaishikilia hadi 1980. Katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Wakulima wa mpunga walianguka wangali na nguvu za kulima, mshipa umepasuka ubongoni, na aliyenusurika mara nyingi alibaki amepooza upande mmoja.

Chanzo kikubwa kilikuwa jikoni. Theluji hufunika Akita kwa miezi kadhaa, na kabla ya kuwa na majokofu familia ililazimika kuweka akiba ya chakula. Figili na kabichi zilipangwa ndani ya mapipa ya mbao, tabaka la mboga na tabaka la chumvi, kisha jiwe zito likawekwa juu. Samaki nao walitiwa chumvi. Mezani kulikuwa na bakuli la wali mwingi, supu ya miso (soya iliyochachushwa kwa chumvi), na vipande vya mboga hizo kali za kuuteremshia wali. Mwaka 1960 mtafiti Mmarekani Lewis Dahl alichapisha makadirio kwamba mtu wa kaskazini mwa Japani alikula takriban gramu 26 za chumvi kwa siku. Ni zaidi ya vijiko vinne vya chai, na chumvi nyingi hupandisha presha ya damu, ambayo huweza kupasua mishipa ya ubongo.

Katika mkoa jirani wa Aomori, Naosuke Sasaki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki aligundua jambo la kuvutia: wanavijiji waliokula matofaa kwa wingi walikuwa na presha ya chini kuliko wenzao. Matofaa yana madini ya potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa chumvi. Presha, basi, haikuwa tu suala la kurithi au la uzee.

Mwaka 1963 madaktari kutoka Osaka, akiwemo Yoshio Komachi, walianza kazi katika kijiji cha Ikawa, mkoani Akita. Hawakungoja wagonjwa waje hospitali. Waliwaita watu wazima wa kijiji kupimwa, mwaka baada ya mwaka, maana presha ya juu haiumi, na asiyeumwa haendi kwa daktari. Waliokutwa na presha ya juu walielekezwa kwenye matibabu, na wauguzi wa afya ya jamii wakawafuata nyumbani kuona kama dawa zinamezwa. Baadaye wataalamu wa lishe na wanakijiji waliojitolea waliingia kwenye suala gumu zaidi, la kupunguza chumvi katika chakula cha familia nzima. Bahati nzuri, tangu 1961 kila Mjapani alikuwa na haki ya bima ya afya, kwa hiyo ushauri wa kumwona daktari haukuwa maneno matupu.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, visa vya kiharusi kwa wanaume wa Ikawa vilikuwa vimepungua kwa takriban robo tatu. Kwa wanaume wa jamii jirani iliyopata huduma ndogo tu, upungufu haukufika theluthi. Kwa wanawake tofauti kati ya jamii hizo mbili haikuwa wazi hivyo. Hata hivyo, ni nadra kupata ushahidi wa aina hii, wa vijiji halisi vilivyofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20.

Tabibu Mwingereza Geoffrey Rose alieleza mwaka 1985 kwa nini njia ya kugusa kijiji kizima ina nguvu. Wenye presha ya kutisha ni wachache. Wenye presha iliyopanda kidogo ni wengi mno, na kwa wingi wao hutoa wagonjwa wengi wa kiharusi. Vidonge huwaokoa wale wachache. Chumvi ikipungua katika kila chungu, wote hufikiwa, hata ambao hawajawahi kupimwa.

Japani nzima ilifuata mkondo huo. Majokofu yaliingia majumbani, upimaji ukaenea, na sheria ya 1982 ya afya ya wazee ikazikabidhi serikali za mitaa kazi ya kuwapima wakazi kuanzia miaka 40. Kati ya 1965 na 1990 kiwango cha vifo vya kiharusi kilishuka kwa kasi kubwa. Leo Mjapani bado anakula karibu gramu 10 za chumvi kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri zisifike 5, na Akita ingali miongoni mwa mikoa yenye vifo vingi vya kiharusi nchini humo.